Kabla Hujajisajili Mastodon, Ijue Seva Yako

Ukitaka kufungua akaunti Mastodon, utaulizwa swali ambalo Facebook na X hawakuulizi: unaanzia seva gani? Wageni wengi hujibu kwa haraka. Mmoja hubonyeza mastodon.social kwa kuwa tangu 2023 programu rasmi ya simu huiweka mbele. Mwingine humfuata rafiki. Wa tatu huvutwa na fani yake: waandishi wa habari huenda journa.host, wapenzi wa programu huria huenda fosstodon.org.

Sababu hizo si mbaya, ila hazikwambii seva ni ya nani na itadumu vipi. Hapo ndipo pa kuanzia.

Usihofie udogo. Mastodon, iliyoanzishwa na Eugen Rochko huko Ujerumani mwaka 2016, ni maelfu ya seva zenye wenyewe tofauti, zinazowasiliana kwa itifaki ya ActivityPub. Ni kama barua pepe: mwenye Gmail humwandikia mwenye Yahoo bila shida. Seva yenye watu mia mbili inaweza kukufikisha kwa walio kwenye seva kubwa.

Soma ukurasa wa maelezo ya seva. Humo mna kanuni, jina la msimamizi na, mara nyingi, orodha ya seva zilizozuiwa. Waliozuiwa hutawaona, nao hawatakuona. Kinyume chake pia ni kweli: msimamizi akiachia matusi na utapeli, seva nyingine zitaizuia yake, na wewe usiye na kosa utafungiwa nje pamoja na wakorofi. Kumbuka pia kwamba ujumbe wa faragha haujafungwa kwa msimbo, kwa hiyo msimamizi ana uwezo wa kuusoma.

Uliza nani analipia. Seva nyingi huendeshwa na mtu mmoja au kikundi kidogo kwa michango. Februari 2023 mwenye mastodon.lol, iliyokuwa na maelfu ya watumiaji, alichoshwa na ugomvi akatangaza kuifunga. Mei wote walitakiwa wawe wameshahama. Hao angalau walipewa muda. Seva zinazoorodheshwa kwenye joinmastodon.org huahidi, miongoni mwa mengine, kuhifadhi nakala kila siku, kuwa na zaidi ya mtu mmoja mwenye funguo za dharura, na kutoa notisi ya miezi mitatu kabla ya kufunga.

Angalia herufi za mwisho za anwani. Februari 2024 seva ya queer.af ilipoteza anwani yake kwa sababu .af ni ya Afghanistan, na mamlaka za Taliban ziliiondoa. Jina tamu lisikusahaulishe nchi inayolimiliki.

Chungulia mlisho wa ndani. Huu huonyesha yanayoandikwa na wanaseva wenzako tu, na seva nyingi huruhusu kuusoma kabla ya kujisajili. Ukikuta karibu kila chapisho ni Kijerumani na wewe hukijui, tafuta kwingine. Kwenye seva kubwa mno mlisho huo hupita mbio usimjue mtu. Kwenye seva ya fani yako, majirani hugeuka marafiki upesi.

Jua kinachohamishika. Ukihama, wafuasi wako huhamia akaunti mpya, na orodha ya unaowafuata unaipakua kama faili kisha unaipakia upya. Machapisho hayahami, yanabaki seva ya zamani. Tena, baada ya kuhama hutaruhusiwa kuhama tena mpaka siku 30 zipite.

Kwa hiyo ukishindwa kuamua leo, ingia mastodon.social, fuata watu, soma zaidi ya unavyoandika. Wiki chache zikipita utajua unaowasoma sana wako seva gani. Kagua seva hiyo kwa vigezo hivi, uhame ungali na machapisho machache ya kuacha nyuma.