SOMO LA KOMPYUTA: Kuchagua Kompyuta ya Nyumbani Isiyokula Umeme

Wengi wenu mmekuwa mkiuliza, hasa baada ya kipindi cha kompyuta, ni kompyuta gani ya mezani mzazi anunue kwa ajili ya nyumbani. Nimeona jibu liandikwe humu ili mlisome pamoja na wazazi kabla fedha haijatoka. Sitazungumzia kasi wala sura nzuri. Nitazungumzia umeme, kwa sababu katika nyumba zetu kompyuta nyingi hazifi kwa kuharibika, bali hufa kwa kuchomolewa. Uniti zikiisha kabla ya mwisho wa mwezi, wa kwanza kulaumiwa ni "ile mashine ya watoto". Friji hakuna anayethubutu kuigusa.

Tuanze na uniti yenyewe. Uniti moja ya LUKU ni wati 1,000 zilizotumika kwa saa moja. Kwa hiyo chukua wati za kifaa, zidisha kwa saa kilizowashwa, kisha gawanya kwa 1,000. Hesabu hii ni ya darasa la tano, hakuna wa kuikimbia.

Sasa tuchukue kompyuta mbili. Ya kwanza ni ile kubwa ya zamani yenye prosesa ya Pentium 4 na monita nene ya kioo cha mgongo. Hizi bado zinapatikana kwa bei ya kutupa, na baadhi ya watu huzipokea kama zawadi. Kasha lake huweza kuvuta wati 110 hivi hata ukiwa unaandika barua tu, na monita yake wati 70 hivi. Jumla 180. Ukiitumia saa 5 kwa siku, kwa siku 30, ni saa 150, nayo itakuwa imekula uniti 27. Ya pili ni kikasha kidogo kinacholingana na kitabu kinene, chenye monita bapa ya inchi 20 hivi. Kikasha wati 15 kwa kazi za kawaida, monita wati 20, jumla 35. Kwa saa zile zile 150 ni uniti 5 na robo.

Tofauti ni uniti 21.75 kila mwezi. Huenda mtu akasema si kitu. Lakini Tanzania Bara mteja wa nyumbani ambaye wastani wake hauvuki uniti 75 kwa mwezi huuziwa umeme kwa bei nafuu, na akizoea kuvuka huhamishiwa bei ya juu. Nyumba inayotumia uniti 60 ikileta ile kompyuta kubwa inafika 87. Hapo hailipii kompyuta tu, inaanza kulipia hata taa na feni kwa bei mpya. Nyumba hiyo hiyo ikileta kile kikasha kidogo inafika 65 na robo, na inabaki pale ilipo.

Tena umeme wote unaoingia ndani ya kompyuta hatimaye hugeuka joto. Wati 180 ndani ya chumba kimoja mwezi wa Februari ni sawa na kuweka pasi ndogo mezani, kisha unawasha feni kulifukuza joto ulilolinunua mwenyewe.

Dukani utakutana na maandishi yanayochanganya watu. Nyuma ya kompyuta kubwa kuna pawa saplai iliyoandikwa 300W au 500W. Hicho ni kiwango cha juu inachoweza kutoa, si kile inachovuta kila saa. Vivyo hivyo adapta ya kikasha kidogo iliyoandikwa 19V na 3.42A, ukizidisha unapata wati 65, lakini kompyuta yenyewe mara nyingi haifiki hata nusu ya hapo. Anayekuambia "hii ni ya wati 500 kwa hiyo inakula sana" na anayekuambia "hii ni ya 500 kwa hiyo ina nguvu sana" wote wawili wamesoma karatasi, hawakuisoma kompyuta. Ukiona nembo ya 80 PLUS, iliyoanza mwaka 2004, maana yake ni kwamba pawa saplai ilipopimwa ilipitisha angalau asilimia 80 ya umeme iliouvuta, na kilichobaki ndicho kilichopotea kama joto. Nembo ya Energy Star, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1992, nayo ni dalili njema, hasa kwenye monita.

Kinachofaa kusomwa kwa makini zaidi ni jina la prosesa. Mfano, Intel Core i5-8500T. Ile 8 ya mwanzo ni kizazi cha nane. Herufi T mwishoni ina maana imetengenezwa kwa umeme mdogo: kiwango chake ni wati 35, wakati i5-8500 isiyo na T ni wati 65. Msidanganyike hapa, kwani mkiwa mnaandika tu zote mbili hupumzika na tofauti inakuwa ndogo sana. T huonekana faida yake kwenye kazi nzito. Faida kubwa ya vikasha kama HP EliteDesk Mini, Lenovo ThinkCentre Tiny na Dell OptiPlex Micro ni kwamba kila kilichomo ndani kimepunguzwa, na mara nyingi hakuna kadi ya grafiki ya pembeni. Kadi hiyo ni ya wacheza michezo, na nyingine peke yake huvuta wati 75 na zaidi ikifanya kazi. Kwa kusoma, kuandika na kusikiliza visomo haihitajiki kabisa. Zipo pia prosesa ndogo zaidi kama Intel N100 ya mwaka 2023, yenye kiwango cha wati 6, nayo yatosha kwa mwanafunzi.

Kizazi cha nane nimekitaja kwa makusudi. Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, kwa upande wa Intel, isipokuwa chache, inakubali kuanzia kizazi hicho. Mkipata ya kizazi cha sita kwa bei nzuri msiikatae moja kwa moja, wekeni Linux kama Ubuntu, nayo ni ya bure.

Wengine watasema bora laptopu. Kwa umeme ni kweli, laptopu ni hodari. Lakini nyumba yenye watoto wanne, kibodi ya mezani ikimwagiwa chai hununuliwa nyingine, ya laptopu ni safari ya kwa fundi.

Umeme ukikatika nako kuna jambo. UPS nyingi ndogo za 650VA zina betri ya volti 12 na Ah 7, yaani wati 84 kwa saa moja kwenye karatasi, na kwa hakika pungufu. Kompyuta ya wati 180 itapata dakika chache za kuhifadhi kazi. Ya wati 35, betri ikiwa mpya, yaweza kupita nusu saa.

Kuhusu gharama, tuseme kikasha kidogo kimezidi kile kikubwa kwa shilingi 100,000, na uniti kwenu ni shilingi 350. Uniti 21.75 ni zaidi kidogo ya shilingi 7,600 kwa mwezi. Baada ya miezi 14 ile 100,000 imesharudi. Wekeni bei ya risiti yenu, msichukue yangu.

Mkishainunua, iwekeni ilale yenyewe baada ya dakika kumi bila kutumiwa. Zile picha zinazocheza kwenye skrini hazipunguzi umeme hata kidogo.

ZOEZI. Zimeni kila kitu nyumbani kwa dakika kumi, hata friji, kwa ruhusa ya mama, mbakize kompyuta na monita tu. Angalieni kitaa kinachomweka kwenye mita. Mita ikiwa imeandikwa 1000 imp/kWh, kila mmweko ni wati moja kwa saa. Hesabuni mimweko ya dakika kumi, zidisheni kwa 6, mtapata wati.

1. Kitaa kimemweka mara 12. Kompyuta hiyo ni ya wati ngapi?
2. Ikitumika saa 4 kwa siku kwa siku 30, itakula uniti ngapi?
3. Andika matokeo ya nyumbani kwenu, au kwa jirani mwenye kompyuta.

Majibu yaletwe kwenye daftari la kompyuta, na hesabu zionekane.