Kabla Hujaukabidhi Uso Wako

Msomu wa harusi ukikaribia, maswali kuhusu ngozi huwa mengi. Hapo zamani biarusi wa Mji wa Kale alikuwa mikononi mwa somo wake, akisingwa kwa singo na kupakwa liwa mpaka siku yake ifike. Liwa bado ipo. Lakini tuseme bintiyo wa hapo Kuze ana madoa usoni, amebakisha wiki tatu aolewe, na shoga yake amemwelekeza kwenye kliniki ya urembo. Je, utamwambiaje?

Swali la kwanza si bei, ni nani atakayemgusa. Kibali cha kaunti kilichotundikwa ukutani chaonyesha tu kwamba mwenyewe amelipia biashara. Leseni unayoitafuta ni ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya (KMPDC): ya kituo, na ya daktari mwenyewe. Hutolewa kwa mwaka, basi tazama tarehe. Maafisa wa kliniki nao wana baraza lao. Msusi hodari aweza kukusafisha uso vizuri sana, lakini sindano si kazi yake. Usione haya kuuliza. Daktari wa kweli hakasiriki akiulizwa leseni.

Pili, uliza jina la dawa. Krimu iliyokorogwa nyuma ya pazia na kutiwa katika kikopo kisicho na maandishi, irudishe. Mwaka 1998 Kenya ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, na bado vinapenya. Zebaki huzuia ngozi isitengeneze rangi yake, lakini hupenya mwilini na kuharibu mafigo. Ukiona maneno kama "calomel", "mercurous" au "mercurio", au onyo kwamba krimu isiguse dhahabu wala fedha, iache. Kitu kinachoharibu bangili za biarusi kitamfanyia nini mwenyewe?

Haidrokwinoni daktari wa ngozi aweza kuiandika kwa muda mfupi, huku akikuangalia. Ikitumiwa miaka na mikaka, huweza kuleta weusi wa samawati mashavuni, ambao ni vigumu mno kuutoa. Madaktari wa Afrika Kusini walieleza balaa hilo mwaka 1975, na nchi hiyo ikaipiga marufuku katika vipodozi mwaka 1990. Steroidi kali, kama klobetasoli, ndizo zinazodanganya zaidi: wiki za kwanza uso hung'aa, kisha ngozi hukonda, mishipa hujitokeza na chunusi hufura.

Kuna pia sindano na dripu za glutathione. Mamlaka ya dawa ya Marekani (FDA) haijaidhinisha sindano yoyote ya kung'arisha ngozi. Mtu akikuahidi weupe kwa dripu, umeshajua umefika wapi.

Kuhusu leza, waulize wana mashine gani. Ngozi nyeusi hunywa miale upesi, na mashine isiyofaa au iliyowekwa vibaya huunguza na kuacha madoa kuliko yale uliyoyapeleka. Kwa kuondoa nywele, ile iitwayo Nd:YAG ndiyo yenye usalama zaidi kwetu. Wakujaribie mahali padogo kwanza, usubiri. Na kama kwenu mna makovu ya kunyanyuka, sema kabla hujaguswa.

Wiki tatu, basi, ni chache. Madoa ya usoni huchukua miezi, na bila kujikinga na jua hurudi. Kliniki inayokubali kuyamaliza kabla ya harusi inakutaka fedha zako tu. Hata piko tahadhari nayo: rangi ya nywele inayotiwa ndani yake huweza kuleta malengelenge mikononi siku kadha baadaye, na aliyedhuriwa mara moja hubaki na mzio huo. Hina ya asili ni nyekundu, na inatosha.

Ikiwa umeshatumia krimu ya siri kwa muda mrefu, usiikatize ghafla. Steroidi ikiachwa hivyo ngozi huwaka na mwili waweza kudhoofika. Chukua kikopo chenyewe, hata kama ni kitupu, uende nacho kwa daktari wa ngozi, kwa mfano katika Hospitali Kuu ya Pwani. Ukiwa umevimba miguu au mkojo una povu, usingoje siku ya kliniki. Nenda leo.