Jezi za timu ya mashua: maswali 6 ya kuuliza kabla hujapokea oda

Leo tuongelee oda ambayo ukiisikia tu unaona faida: nguo za timu. Siyo timu ya mpira, hizo tushazizoea. Naongelea timu ya mashua au ngalawa ya mashindano.

Utasema hiyo inakuhusu nini. Inakuhusu kwa sababu unauza mtandaoni. Unaweza ukawa Buzebazeba kama mimi, na mteja yupo Nungwi au Lamu. Lamu wanashindana majahazi kwenye Maulidi, na Zanzibar mbio za ngalawa zimewahi kuwa sehemu ya tamasha la filamu la ZIFF. Hata huku kwetu, ikija timu ya mtumbwi wa makasia kutoka Kibirizi au Katonga, somo ni hilihili.

Shika jambo moja: NGUO YENYE JINA LA TIMU HAINA MTEJA WA PILI. Dera likikataliwa na huyu, kesho linanunuliwa na yule. Jezi 10 zenye jina la mashua ya watu zikikataliwa, unabaki na matambara ya kudekia. Kwahiyo kazi yako kubwa ni kuuliza kabla hela haijatoka.

1. WATAVAA JAKETI OKOZI?

Anza hapa. Jaketi okozi linafunika kifua na mgongo, na ndo sehemu ambazo kila mteja anataka aandikwe jina kubwa. Siku ya mashindano jina halionekani, na mdhamini aliyetoa hela analalamika. Mshauri jina na nembo vikae kwenye mikono, mabegani na kwenye kofia. Kifuani weka nembo ndogo ya kuvaa mtaani.

Akikujibu kwamba hawavai jaketi, usinyamaze eti we ni muuzaji tu. Mwambie wavae. Jezi haimuelei mtu majini.

2. KITAMBAA GANI?

Wengi wataomba pamba kwa sababu ni laini. Dukani kweli ni laini, ila majini pamba inanyonya maji mengi na inachelewa kukauka. Upepo ukipiga, mtu anatetemeka na kazi bado. Halafu akianguka, shida inakuja pale anapojivuta kurudi chomboni, maana anapanda na maji yote yaliyo kwenye nguo.

Wenzetu wa mbio za matanga za kimataifa wameliwekea hili sheria: nguo na vifaa vya mshindani visizidi kilo 8, na vinapimwa vikiwa vimeloa. Ujue uzito wa nguo iliyoloa siyo jambo dogo.

Chagua poliesta nyepesi ya jezi, gramu 130 mpaka 160 kwa mita ya mraba. Muulize muuzaji wa Kariakoo gramu ngapi, asikuambie tu "kitambaa kizuri". Mikono iwe mirefu, maana jua la majini linapiga kutoka juu na linarudi kutoka chini. Kamba za kofia, mifuko ya nje na vifungo vikubwa viache, vinanasa kwenye kamba za tanga.

3. RANGI GANI?

Hapa usiangalie urembo peke yake. Mtu akianguka, rangi ndo inayomuonyesha. Bluu na kijani vinapotelea kwenye maji. Nyeupe inafanana na povu la mawimbi. Chungwa na njano ya kung'aa zinaonekana mbali, ndo maana majaketi okozi mengi ni ya chungwa.

Timu ikisema rangi yetu ni bluu, usibishane nao. Kiwiliwili kiwe bluu, mabega na mikono iwe chungwa. Sehemu hizo ndo zinazobaki nje ya jaketi. Timu inabaki na rangi yake na watu wanaonekana.

4. INACHAPWA VIPI?

Sablimesheni: wino unageuka mvuke kwa joto na kuingia ndani ya uzi wa poliesta. Haubanduki wala hauongezi uzito. Ila unataka kitambaa cheupe au cha rangi nyepesi, na kwenye pamba haushiki.

Vinaili, ile ya kukata na kubandika kwa pasi ya joto: inafaa kwa namba chache na majina ya wachezaji. Ikibandikwa vibaya, maji na jua vinaibandua kuanzia pembeni.

Kudarizi: kunapendeza kwenye kofia. Kwenye jezi nyepesi kunavuta kitambaa na kukwaruza ngozi.

Kwa timu ya majini, sablimesheni ndo chaguo la kwanza. Omba nembo kwenye faili halisi, siyo picha iliyopigwa kutoka kwenye simu ya mtu.

5. SAIZI ZIMEPIMWA?

Usikubali "sisi wote ni L". L ya kiwanda kimoja ni M ya kiwanda kingine. Mwambie kila mtu achukue fulana yake inayomkaa vizuri, ailaze mezani, apime kwapa mpaka kwapa na bega mpaka chini, atume picha ikiwa na tepu juu yake. Baharia ananyoosha mikono muda wote, kwahiyo jezi inayobana kwapani haifai. Pana sana nayo inanasa.

6. NANI ANASEMA "SAWA", NA ADIVANSI NI KIASI GANI?

Chagua msemaji mmoja, nahodha au meneja. Mtumie picha ya dizaini yenye majina yote, asome herufi kwa herufi, aandike "sawa" kwenye WhatsApp. Sauti ya simu siyo ushahidi.

Sasa hesabu. Tuseme jezi unauza 20,000, na mpaka ikufikie Kigoma imekugharimu 14,000. Jezi 10 mauzo ni 200,000, gharama 140,000. Ukichukua adivansi ya nusu, una 100,000 ya mteja na umeongeza 40,000 yako. Timu ikivunjika, hiyo 40,000 imekufa. Ukichukua asilimia 70, gharama yote imelipwa na mteja. Faida unaweza kuikosa, ila mtaji uko salama. Kwahiyo adivansi ilingane na GHARAMA.

MWISHO, SAMPULI

Tengeneza jezi moja kwanza. Ipime kwenye mizani ikiwa kavu. Iloweshe, itundike dakika moja idondoshe maji, ipime tena. Ivute kwenye maandishi uone kama yanapasuka. Piga video, mtumie mteja. Hiyo video ukiiweka status, inakutafutia oda nyingine bila kulipia tangazo.

Haya, wewe mwenye oda ya timu mkononi: swali lipi kati ya haya 6 bado hujamuuliza mteja wako? Muulize leo, kabla hujatuma hela kwa fundi.