CHOKAA KATIKA MISHIPA YA MOYO

Mwaka jana, siku ya kukutana na wanafunzi wa zamani, mgeni wetu mmoja alicheza mpira dakika 20, kisha akaketi chini ya mwembe huku ameshika kifua. Umri wake miaka 52, mwembamba, wala hakuwa ameugua siku nyingi. Alipelekwa hospitali upesi, naye alipona. Lakini sisi tuliokuwapo tulijiuliza: ugonjwa ule ulikuwa umejificha wapi? Nimesoma habari hiyo, na hapa nawaeleza wenzangu.

Moyo ni msuli, nao kama misuli mingine wahitaji damu. Damu yake huletwa na mishipa midogo iitwayo koronari, inayouzunguka kwa nje. Mtu akivuta sigara, au akiwa na kisukari, shinikizo la damu au mafuta mengi katika damu, ukuta wa mishipa hii huumia. Mafuta huingia ndani ya ukuta na kufanya uvimbe. Miaka ipitapo, mwili huweka chokaa katika uvimbe ule, yaani kalsiamu, madini yale yale ya mifupa. Basi chokaa hiyo ni kama kovu: yatuambia kwamba hapa pana jeraha la siku nyingi.

Je, kovu lililo ndani ya kifua laonekanaje? Mwaka 1971, huko London, mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya kichwa kwa mashine ya siti-skani iliyobuniwa na Godfrey Hounsfield. Mashine hii hupitisha miali ya eksirei kutoka pande nyingi, kisha kompyuta huunganisha vipimo na kufanya picha ya vipande vipande, kama mkate uliokatwa. Mwaka 1979 Hounsfield alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg. Baadaye zilipatikana mashine zenye mwendo wa kutosha kuupiga picha moyo unaodunda.

Mwaka 1990 Arthur Agatston na wenzake wa Marekani walitangaza njia ya kuhesabu chokaa hiyo. Doa lenye uzito wa picha wa 130 au zaidi huhesabiwa kuwa chokaa. Eneo lake kwa milimita za mraba huzidishwa kwa 1 likiwa chini ya 200, kwa 2 kuanzia 200, kwa 3 kuanzia 300, na kwa 4 kuanzia 400. Mathalani, doa la milimita 5 lenye uzito wa 250 lapata 5 × 2 = 10; doa la milimita 4 lenye uzito wa 410 lapata 4 × 4 = 16. Jumla 26. Jumla ikiwa 0, hakuna chokaa iliyoonekana. 1 hadi 99 ni kidogo. 100 hadi 399 ni ya kadiri. 400 na zaidi ni nyingi, na hatari ni kubwa.

Hesabu hii humsaidia daktari aliye na shaka kama mgonjwa wake aanze dawa ya kupunguza mafuta ya damu. Lakini sifuri si hirizi. Uvimbe mpya usio na chokaa hauonekani, nao waweza kupasuka na kuziba mshipa. Tena mwenye maumivu ya kifua asingoje kuhesabiwa chokaa; na aende hospitali mara moja.

Mwaka 2017 watafiti walitangaza habari za Watsimane, wakulima na wawindaji wa misitu ya Bolivia. Watu 705 wenye miaka 40 na zaidi walipigwa picha, na 85 katika kila 100 walipata sifuri. Watu hawa hufanya kazi ya mwili saa nyingi kila siku, na sigara ni chache kwao.

Mgeni wetu alipokuja kutushukuru, alitueleza kwamba alianza kuvuta sigara akiwa na umri wetu, nyuma ya bweni letu hili hili. Wenzangu, mashine ile ni ghali na iko mbali na wengi wetu. Kuiacha sigara hakuna gharama. Nanyi wakubwa wetu mliokwisha pita miaka 40, pimeni shinikizo la damu na sukari kabla ya mpira wa mwaka huu.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita