Kituo cha Mafunzo ya Zimamoto: Maji Yatatoka Wapi, na Yataenda Wapi?

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, ilizipa serikali za kaunti jukumu la huduma za zimamoto na udhibiti wa majanga. Gari la zimamoto hununuliwa kwa zabuni moja. Kumfunza mtu atakayeingia ndani ya nyumba iliyojaa moshi ni kazi ya miezi, na inahitaji mahali ambapo moto unaweza kuwashwa kwa makusudi, ukazimwa, kisha ukawashwa tena kesho yake. Si kila kaunti itamudu mahali kama hapo. Ndiyo maana wazo la kaunti jirani kuchangia kituo kimoja cha mafunzo lina mashiko, na Ibara ya 189 ya Katiba inaziruhusu kaunti kuunda kamati au mamlaka za pamoja kwa ajili ya kazi za namna hii.

Mpango wa kituo hicho una maswali ya kujibu kabla ya jiwe la msingi kuwekwa. Mifano iliyo hapa inahusu kaunti sita za Pwani, yaani Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta.

Swali la kwanza ni moto gani unaofunzwa kuzimwa. Mombasa ina bandari na mitambo ya mafuta ya Kipevu. Barabara kuu ya kwenda Nairobi hupitisha malori ya mafuta Mariakani na Voi, na Wakenya hawajasahau Sachangwan, Januari 2009, ambapo zaidi ya watu 100 walikufa baada ya lori la mafuta kupinduka na umati kukusanyika kuteka. Diani na Watamu kuna mapaa ya makuti, ambayo yakishika moto upepo huubeba hadi paa la jirani. Taita Taveta ina nyika ya Tsavo. Katika mji wa kale wa Lamu, gari la zimamoto halipiti vichochoroni. Kikosi cha huko kinapaswa kujua kubeba pampu ndogo mikononi na kuvuta maji ya bahari.

Shule za bweni ziko kila kaunti. Katika mkasa wa Shule ya Upili ya Kyanguli, Machi 2001, wanafunzi 67 walikufa. Mlango mmoja wa bweni ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Mzima moto anayefika kwenye bweni la aina hiyo anahitaji awe amekata vyuma vya dirisha mara nyingi, gizani, akiwa amevaa mtungi wa hewa. Zoezi hilo halihitaji jengo la fahari. Kontena kuukuu za chuma, ukuta wenye dirisha la vyuma, kichochoro cha kuigiza na kibanda cha makuti vinatosha kuanza. Jengo la ghorofa la madarasa hupendeza kwenye picha za uzinduzi, lakini halifunzi hata moja kati ya mambo haya.

Swali gumu zaidi ni la maji. Kiwango cha Marekani kiitwacho NFPA 1403, ambacho hutumika kama rejea katika mafunzo ya moto halisi, hutaka kila mpira wa kuzimia uweze kutoa angalau lita 360 kwa dakika. Zoezi huhitaji mpira wa kushambulia moto na mwingine wa akiba, na kila mmoja uwe na chanzo chake cha maji, ili kimoja kikikatika walio ndani wasibaki mikono mitupu. Mipira miwili ni lita 720 kwa dakika. Ikifanya kazi dakika 20, ni lita 14,400. Mazoezi matano kwa siku ni lita 72,000. Katika eneo ambalo mitaa mingi hupata maji kwa mgao, kituo hakiwezi kutegemea bomba la mtaa. Kitahitaji mabwawa ya maji ya mvua, au kiyatumie tena maji yaliyokwisha kutumika.

Kuyatumia tena ni jambo la busara, ila lina mtego wake, na Australia iliujua kwa uchungu. Kituo cha Fiskville katika jimbo la Victoria kilifunza wazima moto tangu mwaka 1972. Kwa miaka mingi moto wa mafuta ulizimwa pale kwa povu lenye kemikali za kundi la PFAS, ambazo haziozi kirahisi. Zilibaki kwenye udongo na kwenye mabwawa ambayo maji yake yalirudishwa kwenye mazoezi. Machi 2015 kituo kilifungwa kabisa, na Bunge la jimbo lilifanya uchunguzi kuhusu afya ya waliofunzwa pale na ya majirani.

Pwani ya Kenya ina sababu ya ziada ya kuwa makini. Sehemu kubwa ya ukanda ulio karibu na bahari imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, ambao hupitisha maji haraka, na familia nyingi huteka maji ya visima. Uwanja wa mazoezi uliosakafiwa kwa zege, mitaro inayopeleka maji kwenye tangi la kutenganisha mafuta, na povu la mazoezi lisilo na PFAS ni mambo ya kuandikwa kwenye michoro ya mwanzo. Kuyaongeza baadaye ni ghali, na kusafisha kisima kilichokwisha kuingia sumu ni ghali zaidi, pale inapowezekana.

Moshi nao una majira. Kaskazi ikivuma, mtaa ulio upande mmoja wa uwanja hupumua vizuri. Kusi ikiingia, mtaa huohuo ndio unaopokea moshi. Tathmini ya athari kwa mazingira, inayotakiwa kabla ya NEMA kutoa leseni, ni vyema ipime upepo wa misimu yote miwili. Kilicho ndani ya moshi kina uzito pia. NFPA 1403 inataka kuni safi, kama paleti za mbao na nyasi kavu, na inakataza matairi na plastiki. Mwaka 2022 shirika la Umoja wa Mataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka kazi ya uzima moto katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu.

Kiwango hicho chenyewe kilitokana na msiba. Mwaka 1982 wazima moto wawili walikufa mjini Boulder, Colorado, wakiwa mazoezini, na toleo la kwanza likatoka mwaka 1986. Hutaka pia mkufunzi mmoja asisimamie zaidi ya wanafunzi watano. Kundi la wanafunzi 30 basi lina wakufunzi sita, na hapo ndipo hesabu ya fedha hubadilika.

Ujenzi hulipwa kutoka bajeti ya maendeleo, mara moja. Mishahara ya wakufunzi, kuni, dizeli ya pampu, kompresa ya kujaza mitungi ya hewa na upimaji wa mitungi hiyo hutoka kwenye matumizi ya kawaida, kila mwaka wa fedha. Mkataba kati ya kaunti unahitaji kusema nani analipa kiasi gani, ardhi imesajiliwa kwa jina la nani, na kitatokea nini kaunti moja ikichelewesha mchango wake. Aidha, wakati nusu ya kikosi cha Lamu kiko mafunzoni Mombasa, zaidi ya kilomita 300 kutoka nyumbani, lazima ijulikane nani anabaki zamu. Huenda kituo kikahitaji wakufunzi wa kusafiri na vifaa vya kubebeka kwa lori, wawafuate wanafunzi waliko.

Mpango wa aina hii ukifika kwenye vikao vya ushirikishaji wa umma, mkazi ana haki ya kuomba kuona mchoro wa mitaro ya maji machafu, ripoti ya upepo na makadirio ya gharama za kuendesha kituo kwa mwaka. Maoni ya maandishi hupokelewa na karani wa Bunge la Kaunti kabla ya tarehe iliyotajwa kwenye tangazo, na asiyeweza kuandika anaweza kuyatoa kwa mdomo katika kikao cha wadi yake.