Juu ya Deni Tulilolikuta

Masomo: Yoshua 9:3-21, 2 Samweli 21:1-6, Wagalatia 4:1-2



Mwaka uliopita naliitwa kuketi na wazee katika mtaa mmoja wa huku kwetu Iramba. Shauri lilikuwa la ng'ombe. Mzee mmoja zamani alimpa rafiki yake mitamba minne amtunzie, kama wafanyavyo wafugaji, ili maradhi au ukame usimalize zizi lote siku moja. Mtunzaji hunywa maziwa na kutumia samadi. Ng'ombe hubaki mali ya mwenyewe. Yule rafiki akafa. Mzee alipokwenda kudai, mwana wa marehemu akamjibu, "Baba, mimi sikuwapo mlipopatana. Uliyepatana naye yuko kaburini."

Wengine walicheka. Mimi sikucheka, maana swali lililomo ndani ya jibu lile ni kubwa. Je, mtu hufungwa na neno lililotoka katika kinywa cha mwingine?

Nchi yetu nayo ilipata kuulizwa hivyo. Tarehe 30 Novemba 1961, siku tisa kabla ya uhuru, Mwalimu Julius Nyerere, aliyekuwa Waziri Mkuu, alisimama katika Bunge la Tanganyika akaeleza habari za mikataba ambayo Uingereza iliifanya kwa ajili ya nchi hii. Hakusema kwamba yote ni yetu, wala hakusema kwamba yote itupwe. Alisema kwamba mapatano ya nchi mbili mbili yatashikwa kwa miaka miwili tangu siku ya uhuru, ikiwa wenzetu nao watayashika. Katika muda huo watu wazungumze. Yale ambayo hayatatengenezwa upya yatahesabiwa kuwa yamekwisha, isipokuwa yale ambayo sheria ya mataifa yenyewe ingeyadumisha. Wanasheria wa nchi nyingi hulijua neno hilo hata leo, nao huliita Fundisho la Nyerere.

Yalikuwako mambo ambayo hayakungojewa miaka miwili. Mwaka 1921 Waingereza waliwapa Wabelgiji sehemu za bandari katika Dar es Salaam na Kigoma kwa ajili ya shehena za Kongo, tena kwa kodi ya jina tu, nao wakawapa milele. Milele! Mtu aliyekabidhiwa nchi aitunze kwa muda alitoa sehemu yake pasipo mwisho. Tanganyika ilijibu kwamba mlezi hana uwezo wa kufunga mali ya mtoto kupita siku za ulezi wake. Uingereza ilikuwa mlezi kweli, kwanza chini ya Shirikisho la Mataifa, kisha, tangu 1946, chini ya Umoja wa Mataifa. Msomaji wa Wagalatia atalielewa jambo hili upesi, na mtu wa kijijini atalielewa upesi zaidi. Baba mdogo aweza kuchunga ng'ombe wa yatima. Hawezi kumwoza binti yake kwa ng'ombe hao.

Hata mkataba wa Mto Naili ulikuwa hivyo. Mwaka 1929 Uingereza ilipatana na Misri kwamba katika nchi ilizozitawala isifanyike kazi ya kupunguza maji ya mto ule au ya maziwa yake bila Misri kukubali. Mwaka 1962 Tanganyika iliziandikia Uingereza, Misri na Sudani kwamba haifungwi na neno hilo. Misri haikukubali, na mabishano yaliendelea miaka mingi. Nasi wa Singida tusidhani kwamba ni mambo ya mbali. Maji ya Ziwa Viktoria yamevutwa kwa mabomba hata Shelui, katika wilaya hii yetu ya Iramba.

Sasa twende kwa Wagibeoni. Hao waliwadanganya Israeli kwa mikate yenye ukungu na viriba vikuukuu, wakapata kiapo. Baada ya siku tatu hila ilijulikana, watu wakanung'unika, lakini wakuu hawakukivunja kiapo. Vizazi vingi vikapita. Sauli, ambaye hakuapa yeye, akawaua Wagibeoni, na siku za Daudi njaa ikaja miaka mitatu kwa sababu hiyo. Nakiri kwamba habari hii ilinisumbua tangu nilipokuwa chuoni. Ikiwa kiapo cha hila, kilichoapwa na wazee waliokwisha kufa, kilimfunga Sauli, mbona mkataba wa 1921 usitufunge sisi? Naona tofauti ni hii: wale walioapa mbele ya Wagibeoni walikuwa wakuu wa Israeli wenyewe, na Sauli alikaa katika nchi na katika kiti vilivyotoka kwao. Tanganyika haikuapa. Iliapiwa.

Tena tazameni namna ya kukataa. Neno lilisemwa hadharani, kabla ya siku yake, pamoja na sababu na muda wa kuzungumza. Sauli hakumwita Mgibeoni hata mmoja wazungumze.

Wako wanaochanganya hayo na kusamehewa. Mwaka 2001 Tanzania ilipunguziwa sehemu kubwa ya madeni yake ya nje. Lakini mwenye kusamehewa amekwisha kukiri kwamba anadaiwa.

Basi nilipopewa nafasi katika baraza lile, nilimwuliza kijana neno moja: "Mwanangu, mahari ya mke wako ilitoka zizi gani?" Hakujibu. Mama yake ndiye aliyejibu kwa sauti ndogo kwamba ilitoka katika uzao wa ile mitamba minne. Yeye hakuwa yatima aliyeibiwa na mlezi. Maziwa alikunywa, na ndama walimpatia mke.

Hata hivyo hakukubali siku ile. Alisema ng'ombe wawili walikufa kwa ukame, nao wasihesabiwe juu yake. Na hapo, kwa maoni yangu, ana haki. Wazee wamempa muda mpaka alizeti zivunwe. Yule mzee alifunga shuka yake, akasema atangoja.