Dondoo muhimu: Gari lako na mawe ya Busasamana

Huku kwetu Busasamana, Rwanda, chini ya mlima Nyiragongo, mawe ya volkano hula fedha za mwenye gari kuliko anavyodhani.

Anza na tairi. Kokoto za lava zina makali, na hukata ubavuni, mahali ambapo fundi hawezi kuziba. Tairi hilo ni la kutupa, hata kama meno yake ni mapya. Jaza upepo kwa kipimo kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, maana tairi lililolegea huuweka ubavu juu ya jiwe. Pitisha mkono upande wa ndani pia. Wengi huangalia wa nje tu, kisha wanamlaumu muuza tairi. Na spea? Ipime nayo.

Ukiteremka Gisenyi na shehena ya viazi, tumia gia ndogo. Breki zinazokanyagwa mfululizo hupata moto na kuacha kushika. Ukisikia harufu ya kuungua, egesha zipoe, wala usizimwagie maji.

Kiangazi, Juni hadi Agosti, kagua chujio la hewa mara kwa mara: likijaa vumbi, injini hunywa mafuta.

Gari binafsi hukaguliwa kila mwaka, la biashara kila miezi sita. Ukilipeleka Musanze kukaguliwa, badilisha kwanza taa zilizoungua. Kurudishwa ni mafuta mengine.

Unavuka kwenda Goma? Chukua Kadi ya Njano ya COMESA kwa kampuni yako ya bima kabla hujafika mpakani.